Neno Nililosema Kwenye Kamati ya Maziwa

Nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha maziwa karibu na Nyansiongo kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo nilimnyima mwanamke mmoja kazi iliyokuwa yake. Sikumtukana wala kumpigia kelele. Nilisimama mbele ya wazee tisa, nikasema maneno machache juu ya desturi yetu, nikaketi, na kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Waliokuwa chumbani siku ile wamebaki wachache. Wajukuu wangu wakiniambia kwamba zamani wanawake hawakuongoza kazi kwa sababu hawakuzijua, huwa nawakatiza. Walizijua. Mimi ni mmoja wa watu waliohakikisha kwamba hilo halionekani.

Sisi hatukuzaliwa Nyansiongo. Baba yangu alitoka upande wa Nyamache, kwenye vilima ambako shamba la familia lilikuwa limegawanywa mpaka likabaki mistari ya migomba. Baada ya uhuru, mashamba ya masetla wa Kizungu yalipokatwa na kuwa skimu za makazi, alipata kipande pamoja na jamaa wengi wa ukoo wetu. Tukahamia nchi ya baridi na ukungu, tukapewa ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, ambao hatukujua hata kuwalisha. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mjini Kisii. Kwenye skimu yetu tulikuwa vijana wanne wenye cheti hicho, na wazee walituheshimu kuliko tulivyostahili. Kijana wa miaka ishirini na miwili akitaja neno "kanuni" kwa sauti ya utulivu, wanaume wenye mvi walinyamaza. Nilizoea kunyamaziwa.

Maziwa yalipokelewa kwenye banda la mawe aliloliacha setla. Mbele kulikuwa na ukuta mfupi wa saruji ambapo watu waliweka mikebe yao, nyuma kulikuwa na stoo, na pembeni chumba changu chenye dirisha lililotazama ukuta ule. Msimamizi wetu wa kwanza alikuwa mzee wa kabila jingine, aliyemfanyia kazi setla tangu ujana wake. Hakuwa na ndugu wala mkwe kati yetu. Alikuwa na kipimo cha kioo, chembamba kama kidole, ambacho hutumbukizwa kwenye maziwa. Maziwa mazuri hukiinua. Maziwa yenye maji hukiacha kizame mpaka alama nyekundu ipotee. Mzee yule alitazama alama, akasema "peleka" au "rudisha," na hakuna aliyebishana naye.

Mwanamke ninayemzungumzia aliajiriwa kuosha mikebe. Alikuwa ameolewa na mtu wa ukoo wetu, wa rika langu, kwa hiyo aliniita shemeji. Baba yake alikuwa mkamuaji kwenye shamba la setla, naye alikulia huko kwenye nyumba za vibarua. Alisoma mpaka darasa la saba. Aliweza kunusa mkebe akasema ng'ombe huyu jana alilishwa karibu na mto, kwenye yale majani yenye harufu ya kitunguu, na mwenye ng'ombe alikubali. Macho ya mzee yalipoanza kuingia utando, mwanamke huyu akawa anamsomea kipimo. Baadaye mzee akaacha hata kuinuka. Kwa miaka miwili alikaa kwenye kigoda chake na kutia sahihi palipohitajika, na maziwa yote ya skimu yalipokelewa na mwoshaji mikebe.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana ndilo nililolitumia vibaya. Tuna heshima tunayoiita chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake, kati ya wazazi na watoto wao, na ni kali zaidi kati ya wakwe. Baba mkwe hampi mkono mke wa mwanawe, haketi nyumbani kwake, na hajadili mambo yake mbele ya watu. Mke wa mwana naye hamkabili kwa maneno. Na kwa kuwa ukoo wetu ulihamia skimu karibu wote, kila mzee wa rika la baba mkwe wake alikuwa baba mkwe wake pia. Hao ndio walioleta maziwa.

Sasa, angefanyaje maziwa ya mzee kama huyo yakiwa na maji? Alikuwa na njia yake, nami niliiona asubuhi nyingi kupitia dirisha langu. Mzee aliweka mkebe ukutani kisha akasogea kando, akatazama barabara. Mwanamke alikuja, akamimina kidogo kwenye kopo la kupimia, akatumbukiza kipimo. Kikielea vizuri, alichukua mkebe. Kikizama, hakusema neno. Alikiacha mle ndani ya kopo, akaenda bombani kunawa mikono, akanawa polepole kama mtu anayejitayarisha kula. Mzee alirudi ukutani, akatazama mwenyewe, akafunika mkebe wake na kwenda nyumbani. Hakuna aliyekataliwa na mtu. Siku moja hata mkebe wa baba mkwe wake halisi, baba wa mumewe, ulizamisha kipimo, kwa sababu ulisuuzwa haukukaushwa. Mzee alitazama, akafunika, akaondoka. Kesho yake alileta maziwa safi, na mkebe umekauka. Hiyo ndiyo chinsoni yenyewe, na ilifanya kazi ya ushirika bila kuvunjika.

Nimeyaeleza haya ili ieleweke kwamba nilijua.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini yule mzee msimamizi alirudi kwao kupumzika, na kamati ikatakiwa kuchagua msimamizi mpya. Msimamizi ndiye mkubwa wa wafanyakazi wote, karani akiwemo. Mwanamke aliandika barua ya kuomba kazi, ukurasa mmoja, mwandiko ulionyooka. Aliniletea mkononi.

"Shemeji, uisome kama kuna kosa," alisema.

Hapakuwa na kosa. Nilikaa nayo, nikafikiria asubuhi ambayo ningelazimika kusimama mbele yake na kuomba ruhusa ya kwenda mjini. Mimi, wa kidato cha nne, nimwombe ruhusa mwoshaji mikebe, tena mke wa mwenzangu. Sikuwa na sababu nyingine. Nimeitafuta kwa miaka mingi, maana mtu hupenda kukuta sababu nzuri kidogo chini ya ile mbaya, na sikuikuta. Nilimwendea rafiki yangu, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja, aliyekuwa tanboi, yaani utingo, wa lori la maziwa, nikamwambia kazi ipo.

"Mimi sijui kupima," alisema.

"Kupima ni kutazama tu. Huna macho?"

"Ninayo."

"Basi."

Kamati ilikutana chumbani kwangu, wazee tisa, mvua ikikaribia. Mwenyekiti aliuliza maombi ni mangapi. Nikasema kuna barua ya yule mama wa mikebe, na kuna jina la kijana wa lori ambalo ninalileta mwenyewe. Barua sikuisoma. Niliitaja tu.

Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi akasema, "Yule mama si ndiye anayetupokelea? Tunajadili nini tena? Mvua inakuja, nina nyasi nje."

Wakacheka. Baadhi yao wakaanza kuvaa kofia zao. Kama ningenyamaza, jambo lingekwisha pale, kwa wanaume tisa waliotaka kuwahi nyasi zao. Mara nyingi tunadhani wazee ndio waliokuwa ukuta. Siku ile mlango ulikuwa wazi, na mimi msomi ndiye niliyeufunga.

"Wazee wangu," nilisema, "huyu ni mke wa mwana. Mpaka leo, maziwa yakirudishwa, aliyerudisha ni yule mzee asiye wa ukoo wetu. Kesho atakayekurudishia ni mke wa mwanao. Ataandika jina lako kwamba umetia maji. Nauliza tu, chinsoni tutaiweka wapi?"

Kofia zikarudi magotini. Baba mkwe wake alikuwa mle ndani, wa tatu kutoka mlangoni. Yeye ndiye mtu peke yake ambaye angeweza kusema, "Maziwa yangu yamewahi kurudi na sikuona aibu." Lakini kumjadili mke wa mwanawe mbele ya wanaume wenzake ndicho kitu ambacho chinsoni inamkataza. Nilijua hilo pia nilipokuwa nikisimama. Alinitazama, kisha akatazama mikono yake. Wengine walipoona hasemi, walidhani amekubali. Rafiki yangu akapata kazi kabla mvua haijafika. Nikaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu: "Kamati ilionelea kwamba, kwa kuheshimu desturi, kazi apewe mwanamume." Niliandika kamati. Jina langu sikuliweka.

Asubuhi iliyofuata mwanamke alikuja dirishani, mikono imelowa.

"Shemeji, barua yangu ilisomwa?"

"Ilisomwa."

"Yote?"

"Kamati ilipata habari zako zote."

"Na neno la wakwe, nani alilileta?"

"Mambo ya kamati hayatoki nje. Unajua hivyo."

Hakuonyesha hasira ninayoweza kuieleza. "Haya," alisema. "Nipe ufunguo wa stoo. Sabuni imekwisha."

Akarudi kuosha mikebe. Wengine walimshauri aache. Nilisikia akimjibu mwenzake bombani, "Niache maziwa niwaachie nani? Wale wawili?" Wakacheka, wakageuka kutazama dirisha langu, nami nikainamia karatasi.

Baada ya miezi mitatu ikaja barua kutoka kwa chama kikuu, kilichokuwa juu ya vituo vya maziwa kama chetu. Kulikuwa na kozi ya wasimamizi wa maziwa, nafasi moja kwa kila kituo, na mtu asizidi miaka ishirini na tisa. Mwanamke alikuwa na miaka ishirini na tisa. Aliyekwenda ni rafiki yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi, akarudi na cheti na koti jeupe. Sikulifikiria jambo hilo siku ile. Nililipa uzito baadaye, na ndilo lililobaki na uzito mpaka leo.

Rafiki yangu hakuwa mtu mbaya wala mvivu, na kozi ilimfundisha kupima vizuri. Shida yake ilikuwa moja. Wale wazee walikuwa baba zake. Nilikuwa nimesimama kwenye kamati nikasema mke wa mwana hawezi kumwambia mzee maziwa yake ni mabaya, na sikufikiria kwamba mwana ana aibu hiyohiyo. Mzee alipoweka mkebe, rafiki yangu alimwamkia kwa adabu, akamuuliza habari za nyumbani, akatumbukiza kipimo, akakiona kikizama, na ulimi ukamwisha. Kumwacha mzee ajisomee hakujua. Alichukua mkebe na kumimina pamoja na ya wengine. Kwa muda mfupi kila nyumba ikajua kwamba msimamizi wetu harudishi maziwa.

Siku moja lori likarudi na mzigo wote. Dereva, mtu wa mbali asiyejua neno la Ekegusii, aliteremka akacheka mpaka akashika mlango.

"Karani," aliniambia kwa Kiswahili, "kiwandani wanauliza kama huku mnafuga ng'ombe au samaki."

Maziwa yalimwagwa kwenye mtaro nyuma ya banda. Waliokuwa na maziwa mazuri na waliokuwa na mabaya walisimama pamoja wakiyatazama yakienda. Wiki ya pili lori likarudi tena. Wanachama wakadai mkutano mkuu.

Tulikutana Jumapili, kwenye uwanja mbele ya banda, Waadventista na Wakatoliki pamoja. Wanaume waliketi kwenye viti na mawe, wanawake kwenye nyasi upande wa pili. Wanachama wengi walikuwa wanaume, ingawa waliokamua na kubeba maziwa walikuwa wale wa kwenye nyasi. Wajane ndio waliokuwa wanachama kwa majina yao wenyewe, na mmoja wao alikuwa mama mzazi wa yule baba mkwe aliyenyamaza kwenye kamati. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na maziwa ya ng'ombe huyo yalikuwa yamemwagwa mara mbili.

Kwetu, bibi na mjukuu hawana chinsoni. Wanataniana wapendavyo, na bibi humwita mjukuu mume wake. Kikongwe huyu alikuwa bibi yangu kwa ukoo, na alikuwa bibi mkwe wa yule mwanamke. Kwa hiyo alikuwa huru kumsema mtu yeyote pale uwanjani. Alisimama kwa fimbo kabla mwenyekiti hajamwita.

"Mume wangu mwenye kalamu yuko wapi? Simama nikuone. Umenenepa. Ni kwa maziwa ya nani?"

Uwanja ukacheka. Nikasimama.

"Mke wa mjukuu wangu alikuwa akipokea maziwa, na lori halikurudi. Mkamtoa, lori limejua njia ya kurudi kuliko ng'ombe wangu. Nani alimtoa?"

"Ni kamati, nyanya."

"Kamati ina mdomo? Nataka mtu. Kitabu si unacho? Kisome, mume wangu. Wewe ndiye uliyesoma, sisi wengine tulikuwa tukichunga."

Nilifungua kitabu. Jua lilikuwa kali na ukurasa ulikuwa mweupe. Nafasi ya kusema ukweli nilipewa mbele ya skimu nzima, na mtu aliyenitania kwa upendo. Nikasoma kama nilivyoandika: "Kamati ilionelea kwamba, kwa kuheshimu desturi, kazi apewe mwanamume." Nikafunga kitabu.

"Desturi ipi?" kikongwe akauliza.

Mwenyekiti akajibu badala yangu, "Ile ya wakwe, mama. Kwamba mzee ataaibika maziwa yake yakirudishwa na mke wa mwana."

"Ahaa. Mmemuuliza mzee gani?" Akageuka, akamnyooshea mwanawe fimbo. "Huyu nilimzaa mimi, kwa hiyo nitamuuliza, na mambo ya mke wa mwanawe hatutayataja. Mwanangu, nakuuliza habari za maziwa tu. Yako yamewahi kurudi siku za nyuma?"

Mzee akasimama taratibu. "Yamewahi. Mara moja. Mkebe ulikuwa na maji."

"Ulipata aibu?"

"Nilikausha mkebe."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alivua kofia.

"Aibu niliipata siku ile lori liliporudi," alisema, "nikasimama mtaroni na maziwa yangu mazuri yakapita mbele yangu ndani ya maji ya watu. Hayo ndiyo ninayoweza kusema." Akaketi.

Ndipo rafiki yangu aliponyoosha mkono kutoka nyuma. Alikuwa ameliacha koti jeupe nyumbani. "Naomba mnirudishe kwenye lori," alisema. "Nimechoka kuwaamkia baba zangu huku najua wameweka nini kwenye mkebe. Yule mama anajua. Hata hiki cheti nilichonacho, yeye ndiye aliyenionyesha kwanza jinsi ya kushika kipimo." Watu walimpigia makofi kuliko siku alipopata kazi.

Wanachama walinyoosha mikono kumchagua yule mama. Baba mkwe wake hakunyoosha. Aligeuza kiti chake, akatazama milima mpaka mikono iliposhuka, na kila mtu alielewa kwamba hiyo ilikuwa kura yake. Mwanamke mwenyewe alikuwa kwenye nyasi pamoja na wenzake. Mwenyekiti alipomwita aseme neno, alisimama akasema, "Kesho mikebe ije imekaushwa," akaketi.

Akawa msimamizi. Mwezi wa kwanza nilimwendea kuomba ruhusa ya siku mbili, nina msiba Nyamache. Aliniuliza nani ataandika stakabadhi, nikamtajia, akasema pole kwa msiba, nenda. Hayo tu. Jambo nililoliogopa mpaka nikaharibu kazi ya watu lilichukua muda mfupi kuliko kufunga viatu.

Alisimamia kituo kwa namna ambayo sijaiona tena mahali nilipofanya kazi. Kila jioni mikebe iliinamishwa juu ya mbao, midomo chini. Aliwaita wanawake wakamuaji, nyumba kwa nyumba, akawafundisha kuosha kiwele kwa kitambaa, kila ng'ombe na chake. Kwa wazee aliendelea na njia yake ya bombani. Kwa vijana wenzetu hakuwa na haja ya njia. Aliwaambia, "Shemeji, haya mpe ndama," na walicheka wakaondoka. Lori halikurudi.

Mwaka wa nne wa usimamizi wake, chama kikuu kilitafuta mtu mmoja wa kuongoza vituo vitatu, chetu kikiwemo. Barua ilipita mezani kwangu. Walimtaka mwenye uzoefu na mwenye cheti cha ile kozi, na kozi haikuwa ikichukua watu wa miaka thelathini na zaidi. Kwa uzoefu hapakuwa na wa kumlinganisha naye kwenye vituo vyote vitatu. Cheti hakuwa nacho. Nilimpelekea barua. Aliisoma amesimama, akairudisha kwenye bahasha, akaendelea kukausha kipimo kwa kitambaa.

Wafanyakazi walikuwa wamekwenda kula. Nikasema, "Lile neno la wakwe, ni mimi niliyelisema."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Wazee walitaka maziwa yapokelewe vizuri. Kwenye kamati ile ni mmoja tu aliyekuwa na haja ya kuniogopa." Alikiinua kipimo kwenye mwanga. "Nilikuwa nangoja nione utakaa nalo miaka mingapi."

"Ni mingi."

"Unataka nikuambie si kitu?"

"Hapana."

"Vizuri. Kwa sababu ni kitu. Kozi ile ilikuwa yangu, shemeji, na mwaka ule ndio uliokuwa wa mwisho kwangu. Ulikuwa na umri wangu kwenye faili."

"Nifanye nini?"

"Mimi sikutumi. Lakini kitabu unacho, na jina lako halimo."

Kamati ilipokutana nilisimama. Safari hii sikuwa na sauti ile ya utulivu. Niliwaambia wazee kwamba mimi ndiye niliyeleta neno la chinsoni, kwamba nilijua jinsi alivyopokea maziwa yao bila kuwavunjia heshima, na kwamba nililisema kwa sababu sikutaka awe mkubwa wangu. Mwenyekiti akasema, "Sawa, tumesikia, hayo yamepita, usiyaandike." Nikasema nitaandika. Baba mkwe wake, tena wa tatu kutoka mlangoni, akasema, "Mwacheni aandike." Niliandika, jina langu lote, nikawasomea, na nakala nikaituma kwa chama kikuu pamoja na ombi kwamba umri usihesabiwe kwa mtu aliyenyimwa nafasi akiwa bado na umri unaotakiwa.

Jibu lilikuwa hapana. Waliandika kwa adabu. Kazi ya vituo vitatu akapewa mwanamume mwenye cheti, kijana muungwana, ambaye kila wiki alikuja kwetu kumuuliza mwanamke huyu afanye nini, akaenda kuwaambia wengine. Lakini kamati yetu iliamua, na niliandika uamuzi huo kwa mkono huu, kwamba nafasi ya kozi itapewa anayeifanya kazi, awe mwanamume au mwanamke, na kwamba msimamizi ndiye atakayemtaja. Kabla miaka ya sabini haijaisha alikuwa ametaja wasichana wawili, wote waoshaji mikebe, wote hawajafika miaka ishirini na mitano. Mmoja wao baadaye aliongoza kituo kikubwa kuliko chetu, na alipokuja kutusalimu wanaume walimpisha kiti bila kuambiwa.

Vyeti vyao walivileta vitundikwe ofisini, kwa kuwa walisema ni vya kituo. Nilipigilia misumari mimi mwenyewe. Msimamizi alikuja akatazama kama vimenyooka, akasogeza kimoja kidogo kwa kidole, akarudi nje kwa kuwa mikebe ilikuwa imeanza kufika.